Matoleo Matatu ya Mwisho

Zahanati za Kibondo na Kasulu, kama zahanati zote za Tanzania Bara, huhesabu wagonjwa wao kwanza kwa kalamu. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 8 cha uzazi wa mpango, namba 12 cha leba. Ni vitabu vipana, vyenye safu nyingi kuliko uvumilivu wa binadamu, na anayevijaza mara nyingi ni nesi huyo huyo anayepima, anayechoma sindano na anayezalisha. Mwezi ukiisha anahesabu mistari kwa tali, anajaza fomu ya muhtasari, na ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata fomu inatakiwa iwe wilayani. Kutoka Mabamba, kule karibu na mpaka wa Burundi, hadi Kibondo mjini, fomu hiyo imesafiri kwa baiskeli, kwa bodaboda, na kwa gari la chanjo lililokuwa linapita.

Mfumo huo ni MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioanza mwaka 1993. Na vitabu vyake vina matoleo. Wizara ikiamua kuanza kuhesabu kitu kipya, kitabu hurekebishwa na kuchapishwa upya. Lakini toleo la zamani la kitabu halifi siku toleo jipya linapotoka kiwandani. Kama kurasa zimebaki, unachukua rula, unachora safu iliyokosekana pembeni, unaandika kichwa chake kwa mkono, unaendelea. Karatasi haimdai mtu yeyote ruhusa ya kuzeeka.

Programu inadai. Hapo ndipo ilipo habari ninayotaka kuisimulia: kanuni ndogo ya matunzo, iliyoandikwa Norway kwa sababu za maana kabisa, na safari yake hadi kwenye meza ya mratibu wa MTUHA wa wilaya ya nyanda za juu za Kigoma.

Programu yenyewe ni DHIS2. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, leseni yake ni ile fupi ya BSD, na yeyote anaweza kuichukua bila kulipa senti. Leseni hiyo hiyo inasema pia, kwa lugha ya wanasheria, kwamba kitu hiki unapewa kama kilivyo, bila dhamana yoyote. Juu ya ukimya huo wa leseni, watengenezaji wake wa Chuo Kikuu cha Oslo wameweka ahadi ya hiari: tunatunza matoleo matatu ya mwisho. Likitoka la nne, la kwanza linaachwa.

Kuachwa hakuna kishindo. Hakuna taa inayozimika. Toleo lililoachwa linaendelea kufunguka asubuhi, linapokea takwimu, linachora grafu. Kinachobadilika ni kwamba tundu likionekana ndani yake, hakuna anayewajibika kuliziba. Ukiwa mtumiaji wa kawaida hutaijua siku hiyo ilipopita.

*

Mwanzo wa DHIS haukuwa Oslo. Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka 1994, Afrika Kusini ilirithi idara za afya zilizogawanywa kwa rangi na kwa vijimbo, kila moja na fomu zake. Kundi lililoitwa HISP, likiwaunganisha watafiti wa Cape Town na wa Oslo, akiwemo Jørn Braa, lilianza kutengeneza programu ya kukusanya takwimu za wilaya. Toleo hilo la kwanza lilijengwa juu ya Microsoft Access. Programu yenyewe ilikuwa ya bure, lakini ilikaa ndani ya nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba alikuwa Marekani. Microsoft ikibadilisha Access, DHIS ilibidi ifuate.

HISP ilifika Tanzania mwaka 2002 kupitia Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Programu ilitafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Bagamoyo na Kibaha. Kila kompyuta ilikuwa na nakala yake, na data zilihama kutoka mashine hadi mashine. Hapa kuna jambo ambalo vijana waliozaliwa na intaneti hulisahau: katika dunia ya nakala, kila wilaya ingeweza kuishi na toleo lake. Hakuna aliyeweza kukubadilishia fomu usiku ukiwa umelala. Wala hakuna aliyeweza kujua kuwa nakala yako imeharibika, au kwamba safu uliyoongeza wewe haipo kwa mwenzako.

DHIS2 ilianza kuandikwa mwaka 2004, safari hii kwa Java, ili itumike kwenye kivinjari na isimtegemee Microsoft. Jimbo la Kerala, India, liliitumia kuanzia 2006. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011 ikiwa na seva moja tu ya taifa, na Tanzania ikafikia wilaya zote mwaka 2013. Kuanzia hapo Kibondo, Kasulu na Temeke wanafungua anwani moja. Toleo la Kibondo ndilo la Temeke. Seva ikipandishwa, wote wamepanda.

Wakati huo huo nyanda za juu za Kigoma zenyewe zilikuwa zikipata toleo jipya. Mwaka 2012 Kakonko ilikatwa kutoka Kibondo, na Buhigwe kutoka Kasulu. Sensa ya 2002 iliikuta Kibondo na watu 414,764. Ya 2012 ikaikuta na 261,331. Ukiichora kwa pupa utadhani pamepita maafa, kumbe ni mpaka umesogea. DHIS2 ina tabia yake kwa mambo ya namna hii: ukikihamisha kituo cha afya kwenda wilaya nyingine, historia yake yote inahama nacho, kana kwamba miaka yote kilikuwa huko. Zana maalumu za kugawa na kuunganisha vituo zilikuja kwenye toleo 2.37, mwaka 2021, miaka tisa baada ya Kakonko kupata mkuu wake wa wilaya. Nalitaja hili kwa sababu mjadala wa matoleo huwa unaonekana kama ni wa mafundi na usalama wa seva, wakati mara nyingi maana yake ni hii: kama wilaya yako imefanyiwa jambo, programu itajifunza kulieleza lini, na wewe utakuwa bado unalo toleo la zamani siku hiyo?

*

Turudi kwenye zile tatu. Neno "matatu" linasikika kama kipimo kimoja, lakini urefu wake umebadilika sana. Toleo 2.20 lilitoka mwaka 2015 na toleo 2.30 likatoka 2018. Ni matoleo kumi kwa miaka mitatu, yaani kama moja kila miezi minne. Kwa mwendo huo, toleo ulilolipokea leo lilikuwa linaachwa baada ya mwaka mmoja hivi. Baadaye kasi ilipungua hadi matoleo mawili kwa mwaka, na umri ukafika mwaka mmoja na nusu. Kuanzia 2023 limekuwa likitoka moja kwa mwaka: 2.40 mwaka 2023, 2.41 mwaka 2024, 2.42 mwaka 2025. Sasa toleo linatunzwa kwa takriban miaka mitatu. Kanuni haikubadilika hata herufi moja, lakini muda wa kupumua umeongezeka mara tatu. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko karibu kila kipengele kipya kilichowahi kutangazwa kwenye programu hii, na haikupigiwa vigelegele.

Kwa nini isiwe matoleo kumi? Kwa sababu kila toleo linalotunzwa ni shamba linalopaliliwa. Kosa likigunduliwa leo, marekebisho yaandikwe kwenye toleo jipya, kisha yarudishwe kwenye la nyuma yake, kisha la nyuma ya hilo, na kila mahali yajaribiwe upya kwa sababu msimbo wa jirani umebadilika. Timu ya Oslo inaendeshwa kwa fedha za wafadhili, Norad ikiwa mmoja wa wakubwa, na wafadhili hupenda kusikia kitu kipya kuliko kusikia kwamba kitu cha zamani hakikuharibika. Anayesema "tunatunza matatu" anasema ukweli juu ya mikono aliyonayo. Zipo programu nyingi ambazo watengenezaji wake hawasemi lolote; wanaondoka tu, na wewe unakuja kugundua baada ya miaka miwili kwamba ulikuwa unapiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Tatizo ni kwamba kupandisha toleo huko Tanzania hakufanani na kubonyeza kitufe. Mafundi waliolelewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hawakukaa kupokea tu. Walijenga juu ya DHIS2 vipande vyao, kwa mahitaji ya hapa, na vipande hivyo huzungumza na programu kupitia mlango wa mashine kwa mashine, API. Mlango huo nao ulianza kupewa namba kuanzia toleo 2.25, mwaka 2016, na kanuni yake ilikuwa ile ile: namba tatu za mwisho. Kwa hiyo kila ulichojenga kina saa inayohesabu. Kijana aliyekiandika akipata kazi kwingine, saa haisimami kumngoja mrithi wake.

*

Sehemu ya habari hii inayonigusa zaidi haikuanzia Oslo wala Dar es Salaam. Ilianzia kwenye kivinjari.

Kenya ilipoweka kila kitu kwenye seva moja mwaka 2011, ofisi za wilaya zilitumia modemu za simu, na mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Jibu lilipatikana kwenye HTML5, iliyokuwa imeleta njia mbili za kuhifadhi vitu ndani ya kompyuta ya mtumiaji: moja ya kuhifadhi data, nyingine, AppCache, ya kuhifadhi ukurasa wenyewe. DHIS2 ikazitumia zote. Karani anafungua fomu mtandao ukiwepo. Mtandao ukikatika anaendelea kujaza. Hata akifunga kompyuta na kuiwasha upya bila mtandao, fomu inafunguka, na takwimu alizojaza bado zipo. Mtandao ukirudi, anatuma.

Hebu lifikirie hilo kwa Kibondo na Kasulu. Hadi mwaka 2022 umeme wa miji hii ulikuwa wa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa. Mahali ambapo umeme na mtandao vinaweza kukatika pamoja, uwezo wa kuwasha tena mashine na kuikuta fomu haukuwa pambo. Ndio uliofanya wazo zima la seva moja liwezekane bila kumdhulumu aliye mbali.

Lakini AppCache ilikuwa na kasoro za kweli. Ilikuwa na kiburi cha kuonyesha ukurasa wa zamani hata baada ya mpya kuwekwa, na mafundi wa tovuti duniani waliichukia. Waandishi wa viwango vya tovuti wakaitangaza kuwa ni kitu cha kuachwa, wakapendekeza njia mpya, service worker, iliyo imara zaidi na ngumu zaidi kuandika. Mwaka 2018 Chrome iliizima kwa tovuti zisizo na https. Firefox iliiondoa kabisa Desemba 2020, na Chrome ikaiondoa mwaka 2021. Vivinjari hivi hujisasisha vyenyewe. Mtu hakuombwa idhini. Fomu ya zamani ya DHIS2 iliendelea kufanya kazi ukiwa umeshaifungua, lakini ukiifunga, au umeme ukikuzimia mashine, haikufunguka tena mpaka mtandao urudi.

Nani alikosea? Ukimuuliza mhandisi wa kivinjari, atakuambia alitoa onyo kwa miaka kadhaa, na ni kweli. Ukiwauliza Oslo, watakuambia hawakuiondoa wao, na ni kweli. Wizara haikugusa kitu. Kila mmoja alifuata sera yake ya matunzo vizuri kabisa, na jumla ya sera hizo nzuri ikawa ni karani aliyekaa mbele ya ukurasa mweupe.

Kuna kejeli moja hapo. Kompyuta yenye Windows XP, ambayo Microsoft iliiacha Aprili 2014, ilikomea kwenye Chrome 49, kwa sababu kuanzia Aprili 2016 Google nayo iliacha kuisasisha kwenye XP. Chrome 49 bado ina AppCache. Maana yake ni kwamba mashine iliyotupwa mara mbili, iliyojaa matundu ya usalama, ndiyo iliyobaki na uwezo ambao mashine mpya ilinyang'anywa. Usishangae basi ukimsikia mtumishi wa wilayani akisema kompyuta ya zamani ni bora kuliko mpya. Hamnazo si yeye.

Ili kuirudisha kazi ya nje ya mtandao, DHIS2 ilibidi iandike upya sehemu nzima ya kuingizia takwimu, juu ya service worker. Ilitoka na toleo 2.39, mwaka 2022. Lakini kitu hicho hakirudishwi kwenye matoleo ya nyuma, ukikitaka, panda. Na ukipanda, kila ngazi ina masharti yake. Kuanzia 2.38 seva lazima iwe na Java 11. Kuanzia 2.41, Java 17. Chini ya DHIS2 kuna Spring, kiunzi cha Java ambacho nacho kina tarehe zake: matunzo ya bure ya Spring 5.3 yaliisha Agosti 2024. Chini ya Java kuna mfumo endeshi wa seva, nao una tarehe zake. Unaanza ukitaka fomu ya kujaza chanjo iweze kufunguka umeme ukikatika, unamaliza ukibadilisha seva nzima.

*

Inawezekana kusema: basi tukae tulipo. Toleo letu linafanya kazi, takwimu zinafika. Oktoba 2021 ilitoa jibu. Lilitangazwa tundu ndani ya DHIS2 ambalo mtu aliyekwisha kuingia kwenye mfumo angeweza kulitumia kupenyeza amri zake za SQL hadi kwenye hifadhidata, kupitia sehemu zinazoshughulikia taarifa za mtu mmoja mmoja.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo mazito. Fomu ya MTUHA inayoletwa na bodaboda ina jumla tu: wajawazito 41, kuhara 17. Ukiiba karatasi hiyo hujamjua mtu. Lakini DHIS2 ina upande mwingine, Tracker, unaohifadhi mtu kwa jina lake, na nchi mbalimbali zimeutumia kufuatilia mimba, chanjo, kifua kikuu, VVU. Ule upenyo ulielekea huko. Kwenye mji wa kiasi cha Kasulu, ambako mtu akitajwa jina la baba yake anajulikana anakoishi, siri ya kliniki ikivuja haihitaji mtandao wa kijamii kusambaa.

Viraka vilitolewa kwa matoleo matatu yaliyokuwa yanatunzwa, 2.34, 2.35 na 2.36. Halafu Oslo wakafanya jambo ambalo kanuni yao haikuwalazimisha: walitoa pia kiraka cha 2.32 na cha 2.33, ambayo walikuwa wameshayaacha. Walijua nchi ziko huko. Viraka hivyo vya ziada vilipewa jina lenye mkia wa herufi tatu, EOS, kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha mwisho wa matunzo. Toleo likazibwa tundu lake huku limebandikwa cheti cha kifo usoni. Naona kuna adabu katika kitendo hicho: hawakuvunja kanuni, hawakudanganya kwamba toleo limefufuka, na hawakumwacha mtu nje wakati wa mvua kwa sababu tu mkataba umeisha.

Lakini adabu haiwezi kupangiwa bajeti. Wilaya haiwezi kuandika kwenye mpango wake wa mwaka kwamba mwaka huu tutategemea huruma ya watu wa Oslo. Kinachoweza kuandikwa ni fedha ya kupandisha toleo: seva ya majaribio, wiki kadhaa za mafundi, mafunzo kwa waratibu wa MTUHA kwa sababu menyu zimehama. Fedha ya namna hiyo haina picha ya kuzindua. Hakuna utepe wa kukata siku seva ya taifa inapotoka Java 11 kwenda 17. Jengo la kituo cha afya lina jiwe la msingi lenye jina la mgeni rasmi. Programu inayohesabu wanaozaliwa ndani ya jengo hilo haina.

Mwaka 2022 gridi ya taifa ilifika nyanda za juu za Kigoma, na majenereta ya dizeli yakazimwa. Mwaka huo huo toleo 2.39 lilitoka, na ndani yake ile fomu inayofunguka bila mtandao, baada ya kuwa imetoweka kwenye vivinjari vipya. Mwaka 2025 lilitoka 2.42. Matatu ya mwisho yakawa 2.40, 2.41 na 2.42, na 2.39 likaachwa. Vitabu vya MTUHA vinaendelea kuchorwa safu kwa rula, na fomu ya mwezi inatakiwa wilayani tarehe 7.